Mizigo Arobaini na Mitano ya Majani

Ukiingia Walikale kwa njia ya Nyabiondo, mji unaanza bila kupiga hodi. Kwanza unaona mihogo, kisha mihogo pamoja na bango la simu, kisha bango bila mihogo, na hapo umefika. Ninasema mji. Mtu wa Goma akitaka kucheka, acheke. Kuna ofisi, kuna antena mbili, kuna farmasi tatu zilizopangana mstari mmoja na zote zinauza dawa ileile, kuna kinyozi mwenye paneli ya jua inayolisha mashine yake na redio yake. Na katikati ya hayo yote, nyuma ya depo ya mchele na sementi, kuna kijiji.

Sisemi mtaa, nasema kijiji. Unapita kati ya ukuta wa depo na choo cha bar moja, uchochoro wa kupitisha pikipiki isiyo na mzigo, unatokea kwenye uwanja wa udongo uliofagiwa, nyumba zimeuzunguka kama watu wanaoota moto. Nilihesabu nyumba kumi na moja. Nikahesabu tena kuanzia upande wa pili, zikawa kumi na mbili, maana safari ya kwanza sikuhesabu barza, ile nyumba isiyo na kuta ambamo wanaume wanakaa mchana wakifanya kazi ya kukaa. Kuta ni za udongo, na paa zote ni za mangungu, yale majani mapana tunayofungia kwanga, mkate wa muhogo. Ukiinua macho kidogo juu ya majani, unaona ukuta wa depo, na juu ya ukuta, antena. Kuku wa kijiji ni wanene kuliko kuku wote wa Walikale, kwa sababu magunia ya depo yanatoboka.

Kuna watu wanaokuja kutazama tu. Wanapiga picha barza, wanasema mababu walikuwa na akili, wanarudi kulala chini ya bati. Mimi sikuja kutazama. Nilikuja na manjanja kumi na nane, yaani mabati, kumtoa mke wa mdogo wangu.

Mambo yalikuwa hivi. Mdogo wangu ana kibanda cha kuchaji simu na kupiga fotokopi pale Masisi centre. Mke wake alizaliwa katika kijiji hiki. Mimba ya kwanza ilipokuwa kubwa alienda kuzalia kwa mama yake, jambo ambalo hakuna mtu wa kulikataa. Mtoto akazaliwa, akakaza shingo, akakaa, akaota meno mawili, na mama yake harudi. Kila mdogo wangu alipopiga simu, jibu lilikuwa moja: paa la mama. Huko kwao, paa la mama mkwe ni kazi ya mkwe. Siku ya ndoa waliitaja kazi hiyo mbele ya watu wote, na mdogo wangu aliitika vile mwanaume anavyoitika chakula kikiwa karibu kuletwa. Sasa paa lilikuwa limezeeka, na kaka zake yule mke walisema: paa likipanda, bibi anatoka. Hawakumfunga kamba. Walisema tu, na yeye akabaki.

Mdogo wangu akawaza kama watu wa kwetu. Sisi ni wa vilima vya Masisi, upande wa Lushebere, watu wa maharagwe, mihogo na misa ya asubuhi. Jambo likitushinda tunauliza: ni bei gani? Akanunua manjanja mazito Goma, yakapita Mubambiro na Sake mpaka kwangu, akanibembeleza niyafikishe, kwa kuwa ile njia ya Walikale naijua kwa kuuza maharagwe yangu, na kwa kuwa anaamini sijawahi kushindwa kwenye bei. Si kweli. Nilishindwa mara moja, kwa ajili ya mbuzi, na hata yule mbuzi alikuwa mgonjwa.

Yalisafiri yamekunjwa juu ya pikipiki mbili, tisa kwa tisa. Kwenye kizuizi kimoja waliyahesabu kumi na nane, kwenye kizuizi cha mbele waliyahesabu ishirini, na ilinibidi niketi chini nisubiri mpaka wakumbuke hesabu ya shule. Kwenye uchochoro pikipiki hazikupita. Nikayashusha, nikayaingiza moja moja, nikayapanga uwanjani mbele ya nyumba ya mama mkwe, yakiwaka jua.

Alitoka. Ni mama mfupi, mwenye bega moja juu kuliko lingine, bega la kubebea. Aligonga bati la kwanza kwa ukucha.

"Hii ni nini?"

"Manjanja, Mama. Mukwe wako njo ametuma. Iko kumi na nane. Hesabu."

"Naona. Na yeye iko wapi?"

"Iko Masisi, Mama. Iko na kazi mingi."

"Manjanja ilijua njia, yeye hapana?"

Nilianza kusifia unene wa bati, kwamba mtoto wa mtoto wake atalikuta. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama mtu anayesikiliza tangazo la redio. Kisha akauliza:

"Mukwe wangu hana mikono?"

Kaka mkubwa wa yule mke alikuwa amefika kutoka kazini kwake. Ni fundi wa pikipiki, mikono myeusi ya mafuta, simu mbili mfukoni. Si mtu wa zamani hata kidogo. Nilidhani yeye atanielewa.

"Dada," aliniambia, "weye ni muntu wa biashara, nitakuambia wazi. Siku lijanja ya kwanza itapanda hapa, siku ya pili muntu wa kupima udongo atakuja na kamba yake. Atasema, kumbe hapa ni mujini! Parcelle moja, parcelle mbili, parcelle tatu. Leo anaona majani, anasema hii ni kijiji ya wankambo, ya babu zao, anapita."

"Iko karatasi yenye kusema vile?"

"Iko karatasi yenye kukataa?"

Niliyakunja manjanja yangu. Kabla ya jioni yule kinyozi alikuwa ameyanunua yote, kwani alitaka kuongeza chumba cha wanawake, na mdogo wangu alirudishiwa pesa yake, imepungua kidogo, maana njia ni ndefu.

Mke mwenyewe nilimkuta nyuma ya nyumba, anatwanga sombe, majani ya muhogo, mtoto mgongoni.

"Wifi! Umekuja kunichukua ao kunihesabu?"

"Vyote viwili."

"Basi hesabu. Miye niko sawa pikipiki ya mukopo. Mpaka bwana amalize."

Tulicheka. Akanipa mtoto nimpakate, akatwanga kidogo, akauliza bila kuniangalia:

"Anajua mutoto ameota meno?"

"Nilimuambia kwa simu."

"Kwa simu." Alitwanga tena. "Wifi, niko nachoka kulala na bamama. Nataka nyumba yangu. Lakini sitatoka kwa nyuma kama mwizi wa kuku. Nikitoka bila paa, siku mama atagonjwa nitaingia kwa mulango gani?"

Nilimrudishia mtoto. Niliingia ndani kuangalia paa. Jua lilikuwa linapita kwenye matundu na kuweka alama sakafuni. Nilihesabu kumi na nne, nikahesabu tena zikawa kumi na sita, jua lilikuwa limesogea. Udongo ulionyesha mahali ambapo kitanda kilikuwa kimehamishwa, na kuhamishwa tena, kikiyakimbia maji.

Jioni hiyo niliketi pembeni ya barza, kwa ruhusa, mbele ya fundi wa pikipiki na wadogo zake wawili. Walisema maneno mawili. La kwanza, mkwe aje mwenyewe, akate mwenyewe, abebe mwenyewe. La pili, mizigo sitini. Mzigo mmoja ni majani yanayojaza mikono miwili ya mtu mzima akikumbatia.

Niliposikia sitini, kitu kilisimama kichwani mwangu, kama mbwa aliyesikia sahani.

"Makumi tatu," nikasema.

Walitazamana. Mmoja alifungua mdomo, kaka yake akamgusa goti.

"Dada, makumi tatu ya nini?"

"Ya mizigo. Nyumba yenyewe iko ndogo. Nimeipima na miguu yangu, hatua saba kwa tano. Na huyu ni muntu moja, mwenye mutoto hajamuona. Mutamuua kwa majani?"

"Sitini njo inatakiwa."

"Kila muntu anasema yake njo inatakiwa. Makumi tatu na tano."

Nilitumia kila nilichojifunza sokoni. Niliinuka kama ninaenda, nikarudi. Nilitaja umbali wa msitu, ambao siku hizi uko mwendo wa nusu siku kwa sababu mji umekula ule wa karibu. Nilisema kwetu mkwe halimi shamba lote, analima alama tu. Walinizuia hapa na pale, bila nguvu. Mwisho fundi akasema:

"Ni sawa, dada. Arobaini na tano. Kama njo vile unaona."

Na akacheka. Ningepaswa kujiuliza. Sokoni, mwenye kushindwa hacheki. Lakini nilisema moyoni, ni adabu ya bukwe, ya mashemeji. Nikawapa mikono wote watatu, nikaenda kwenye kona ya ukuta wa depo ambapo rezo ya simu inashika, nikampigia mdogo wangu.

"Panda pikipiki ukuje. Nimekuokolea mizigo kumi na tano."

Alifika siku ya nne, matope mpaka kwenye nyusi, amevaa viatu vya kanisani. Mtoto alimtazama, akalia. Alimwinua hivyo hivyo analia, akamfungua mdomo kwa kidole, akaangalia meno. Kisha mashemeji wakampa panga.

Ilichukua siku tisa kukata na kubeba, mizigo mitano kila siku. Walikwenda naye, si kumsaidia, kumsimamia. Nilikuwa nawasikia wakirudi kabla sijawaona.

"Bokilo, shemeji, hiyo mikono ni ya kushika telefone!"

"Bokilo, jani hilo halina chaji!"

Alitua mizigo, kesho yake akarudi kuchukua mingine. Mimi niliihesabu kwenye uwanja, mara mbili kila jioni, ili wasije wakaipunguza.

Siku ya kuezeka, mama mkwe aliondoka kijijini. Mkwe hawezi kusimama juu ya kichwa cha mama mkwe. Hata njiani wakikutana, mmoja anageuka. Basi mama alichukua kigoda chake akaenda kukaa depo, katikati ya magunia ya mchele, siku nzima. Ndiyo maana mtu pekee ambaye angetazama rundo la majani na kusema "haya ni machache" hakuwepo.

Kazi yenyewe ni ya kupendeza kuitazama. Unapasua kidogo kikonyo cha jani, unakitundika kwenye ufito, jani linaning'inia kuelekea chini. Unaanza chini kabisa, mstari unaofuata unalalia uliotangulia, kama magamba ya samaki, na kati ya mstari na mstari ni vidole vitatu, basi. Mdogo wangu alijifunza haraka. Kufika saa sita mashemeji walikuwa wamepunguza matusi. Mke wake alileta maji, akamrushia neno moja ambalo sikulisikia, na yule mjinga nusura adondoke kwa kucheka.

Saa nane, upande mmoja ulikuwa umekamilika na ule wa pili ulikuwa nusu, na rundo lilikuwa limefika magotini mwangu. Nilihesabu mizigo iliyobaki. Nikahesabu tena. Nilimwangalia fundi.

"Arobaini na tano, dada," akasema. Safari hii hakucheka. "Sitini haikuwa bei. Ilikuwa kipimo."

"Juu ya nini hamukuniambia?"

"Tulikuambia. Weye ulisimama ukaenda, ukarudi. Tulidhani unajua dawa ya mvua."

Mdogo wangu alikuwa juu, anasikiliza, miguu imening'inia. Msitu uko nusu siku. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya antena. Alifanya alichoweza: alitanua mistari, vidole vitatu vikawa vinne, karibu na kilele vikawa kiganja kizima. Ukiwa chini hukuona tofauti. Lilikuwa paa jipya, kijani, linanukia.

"Sasa mvua ijaribu," alisema fundi. "Ikipita bila tone, kesho yake bibi anaenda. Ikivuja, anabaki mpaka ingine mwaka, wakati wa majani mazuri. Si miye. Njo desturi."

Mdogo wangu hakunilaumu. Alikaa barza, akachubua malengelenge yake. Ningependa angenilaumu, ningejibu kitu.

Mvua haikuja usiku huo. Ilikuja kesho yake, mchana, kwa njia ya Walikale: hakuna upepo, hakuna onyo, mtu amefungua pipa. Wanaume walikuwa barza, mdogo wangu kati yao. Ndani ya nyumba tulikuwa mama mkwe, binti yake, mtoto, na mimi. Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba chini ya majani mvua haipigi kelele. Chini ya bati tungekuwa tunapigiana makelele. Hapa nilimsikia mtoto akinyonya.

Upande wa kwanza ulikuwa mkavu kabisa. Upande wa pili ulikuwa mkavu. Kisha, baada ya muda wa kuchemsha maji ya chai, ufito mmoja juu ya katikati ya chumba ukawa mweusi. Weusi ukatembea, ukakusanyika mahali pamoja, ukaning'inia. Tone likaanguka sakafuni, likaacha alama ndogo kama sarafu.

Yule mke aliiona. Alimbana mtoto kidogo, basi.

Kupitia mlango, fundi alikuwa anavuka uwanja mbio, gunia kichwani, anakuja kukagua. Mama mkwe alimtazama mwanawe, akatazama juu. Akanyanyua kigoda chake, akasogea hatua mbili, akakitua juu ya ile alama, akakaa. Akavuta kitenge chake akakiweka vizuri begani, lile bega la juu. Tone la pili lilianguka hapo. Halikutoa sauti.

"Mama, inavuja?"

"Ingia uone."

Aliingia. Alitazama juu, lakini ndani kulikuwa na giza la mvua. Alipapasa kuta kwa kiganja, pembe zote nne. Aliinama akaangalia sakafu, chini ya kitanda, karibu na jiko. Kavu. Mimi nilikuwa nahesabu matone, siwezi kujizuia: kumi, kumi na moja. Matone hayana nafasi ya kuhesabiwa tena, unakubali hesabu ya kwanza.

"Mama, juu ya sababu gani unakaa katikati ya nyumba?"

"Nyumba ni ya nani?"

Kumi na sita. Kumi na saba.

Alisimama kidogo mbele ya mama yake. Mpaka leo sijui kama aliona. Kitenge kilikuwa cha bluu, na bluu ikilowa inakuwa bluu zaidi. Kisha akarudisha gunia kichwani, akatoka, akapiga kelele kuelekea barza:

"Iko muzima!"

Kule barza walipiga kelele, mtu akapiga nguzo kwa kiganja.

Mama mkwe hakuinuka. Alikaa pale mpaka mvua ilipokatika, mkono mmoja umelowa mpaka kwenye kiwiko, akizungumza na mjukuu wake mambo ya kawaida, kama nani ana pua ya nani. Maji yalipoacha kudondoka, alimwambia binti yake:

"Funga vintu vya mutoto."

Binti alitazama lile bega. Kisha akavuta mfuko chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo, moja moja, polepole kuliko nguo za mtoto zinavyohitaji.

Waliondoka asubuhi, watatu juu ya pikipiki moja pamoja na dereva, mtoto katikati, ndoo ya mawese imefungwa nyuma. Mama mkwe alibaki nyuma ya nyumba kwa sababu ya mkwe. Mjukuu alipelekwa huko kuagwa, akarudishwa na alama ya mate kwenye paji la uso. Mdogo wangu aliaga ukuta wa udongo kwa sauti, kwa adabu, na ukuta ukamjibu:

"Mufike salama, mukwe wangu. Paa ni muzuri."

Pikipiki ilipotoka kwenye uchochoro, nami nilikuwa nafunga kibunda changu nirudie maharagwe yangu. Mama akatokea na panga na kamba.

"Weye unabaki."

"Miye, Mama?"

"Mizigo kumi na tano."

"Kumi," nikasema. Mdomo ulitangulia.

"Makumi mbili."

"Mama! Muntu anapandisha bei wakati muntu anashusha?"

"Hii bega njo inapandisha. Usiku nimelala na upande moja."

Nilimtazama. Alikuwa hacheki, lakini alikuwa karibu.

"Na nani atapanda juu kuyaweka? Mukwe ameenda."

"Hiyo si kazi yako. Weye ni kukata."

Tulisimama pale katikati ya uwanja, kuku wakipita kati yetu. Nilisema kumi na sita. Alisema kumi na nane. Tulikubaliana kumi na saba, na nikajua sikushinda kitu, kwa kuwa njia ya msitu ni nusu siku, na yeye atakuwa nyuma yangu akitazama mikono yangu. Alinipa panga, yeye akachukua kamba, tukapita kati ya ukuta wa depo na choo cha bar, tukavuka barabara ya farmasi tatu, mimi mbele, na kabla hatujafika mihogo ya kwanza alikuwa ameshaniambia kwamba ninatembea polepole.